Sura ya Nne: Macho Kabla ya Vidole

Siku niliyoshika pedi ya gemu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kutimiza miaka sitini na mitatu, nimestaafu ualimu, nimewazika marafiki wawili ambao ndio waliokuwa wakinitia adabu barazani katika bao, na sikuwa na haja yoyote ya kuingia katika kibanda cha mabati kilichoko nyuma ya maduka hapa Lisekese isipokuwa mvua ya Februari, ambayo katika nchi yetu ya Masasi haina desturi ya kupiga hodi. Ndani palikuwa na runinga moja, mabenchi mawili, joto la pumzi za watoto wapatao kumi na wawili, na kijana mwenye kibanda, aliyeketi karibu na swichi kama bawabu wa sultani. Waliniamkia, wakanipisha, na mmoja wao, mwanafunzi wa darasa la tano, akanikabidhi pedi kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni maji ya kunawa; kisha, kwa muda usiozidi ule wa kuvua koti, akaniangusha mara tatu mfululizo pasipo kujisumbua hata kuketi wima.

"Babu," akaniambia kwa huruma, "tulia kwanza. Unabofya kama unatwanga kisamvu."

Nimewahi kusikia mawaidha marefu zaidi ya hayo kutoka kwa wakaguzi wa elimu, nayo yakawa na faida ndogo zaidi. Aghalabu mtu anayetaka kuanza gemu ya kupigana hudhani kwamba elimu yake imo katika vidole, kwamba bingwa ni yule ajuaye vitufe vingi na abofyaye upesi, na kwa sababu ya dhana hiyo hujitwisha tangu siku ya kwanza mzigo wa mapigo sabini asiyoyaelewa, akawa mfano wa mtu aliyekariri kamusi nzima naye hajui kusalimu. Mtoto yule aliniambia kinyume chake. Ili nimwelewe ilinibidi kurudi kibandani siku nyingi baadaye, mvua ikiwa imekwisha na udhuru wangu pia.

Gemu iliyokuwa ikichezwa pale ni Tekken 5, ambayo kampuni ya Namco ya Japani iliitoa kwa mashine ya PlayStation 2 mwaka 2005. Lakini nasaba yake yaanza mwaka 1994 ilipotoka Tekken ya kwanza, na shina la mti wote huo ni Street Fighter II ya kampuni ya Capcom, ya mwaka 1991, iliyowafundisha vijana wa dunia kusimama wawili wawili mbele ya sanduku lenye kioo na kupigana kwa sarafu. Katika Tekken watu wawili huchagua kila mmoja mpiganaji wake, wakawekwa uwanjani wakitazamana, kila mmoja akiwa na mstari wa uhai juu ya kioo. Mstari ukiisha, ameanguka. Na kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa ngumi: sisi ni majirani wa uwanda wa Makonde, na Kiswahili kimelifanya neno makonde kuwa jina la ngumi vilevile. Nina hakika ndugu zangu wa Newala wamekwisha kuchoshwa na mzaha huo, kwa hiyo nautaja mara moja tu na kuuacha.

Sifa moja ya Tekken humfaa sana mwanafunzi, nayo ni unyofu wa pedi yake. Vitufe vinne vya upande wa kulia ni viungo vinne vya mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, msalaba ni mguu wa kushoto, duara ni mguu wa kulia. Hapana siri nyingine. Ukibofya mraba na msalaba kwa pamoja, ukiwa karibu, mpiganaji wako humkamata mwenziwe na kumbwaga. Ukirudi nyuma kwa kidole gumba cha kushoto unajikinga. Na hapa pana jambo ambalo nililipata kwa mtoto yule katika somo la pili, nalo lilinistaajabisha kuliko yote: ukiacha kubofya chochote, ukasimama tu, mpiganaji wako hujikinga mwenyewe dhidi ya mapigo ya juu na ya kati. Maana yake ni kwamba katika ile dakika yangu ya kwanza, lau ningaliweka pedi mapajani nikatazama mvua, ningalichukua muda mrefu zaidi kuanguka.

Mapigo yote, yangawa mamia, yana daraja tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Pigo la juu humkosa aliyechuchumaa, likapita juu ya kichwa chake. Pigo la kati humpata aliyechuchumaa hata akijikinga, kwa hiyo sharti likingwe kwa kusimama. Na pigo la chini humpata aliyesimama, kwa hiyo sharti likingwe kwa kuchuchumaa. Mkamato wa kawaida, nao, haukingiki kwa kusimama, ila hukwepwa kwa kuchuchumaa au hukatwa kwa kitufe cha ngumi kikibofywa kwa wakati wake. Msomaji akiutafakari mpango huo kwa muda kidogo ataona kwamba hapana pahali pa salama. Asimamaye ana khofu ya miguu yake na ya kukamatwa. Achuchumaaye ana khofu ya kichwa chake. Ndiyo sababu kujikinga si jambo la kushika kitufe bali ni jambo la kukisia nia ya mwingine, na mwenye kutaka kuanza vema aanzie hapo, ajifunze kwanza kutambua kwa macho pigo lipi ni la daraja gani, kabla hajajifunza kulipiga.

Vijana wa kibandani wamekwisha kuyapa mapigo hayo majina, wala hawakuhitaji kuyaazima mbali. Teke linalofagia miguu ni mtama au ngwala, kama lilivyokuwa uwanjani kwetu tulipokuwa tukipigana baada ya kuchunga mbuzi. Mkamato wa shingo ni kabali, au roba kwa wale waliokaa Dar es Salaam. Na mfululizo wa mapigo yanayomshika mtu hewani asiweze kushuka huuita kombo, neno la Kiingereza lililogongana kwa sadfa na kombo letu lenye maana ya kupinda, nami naona halikukosea njia sana, maana mtu aliyeingia ndani yake hutoka amepinda. Nchi yetu ina mazoea ya kukipokea kigeni na kukivika nguo za nyumbani. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926, hakuipiga jando marufuku bali aliitia ndani ya kanisa, ikabaki jando. Sembuse vijana hawa na gemu ya Kijapani.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho kimo katika hesabu. Picha ya gemu hizi hubadilika mara 60 katika kila sekunde, na kila badiliko moja huitwa fremu. Mafundi wa mchezo hupima kila pigo kwa fremu kama fundi cherehani apimavyo nguo kwa futi. Ngumi nyepesi kabisa ya wapiganaji walio wengi wa Tekken hufika katika fremu ya 10, yaani katika sudusi ya sekunde. Binadamu, kwa upande wake, akiona kitu na kukijibu kwa kidole, huhitaji takriban robo ya sekunde, au pungufu kidogo akiwa kijana mwepesi. Robo ya sekunde ni fremu 15. Basi ngumi ile imekwisha kufika kabla jicho halijapeleka habari. Mtoto wa Lisekese na bingwa wa Korea, wote wawili, hawaioni. Wote wawili hukisia. Tofauti yao ni kwamba mmoja hukisia kwa sababu na mwingine kwa matumaini.

Yako mapigo mengine mazito na ya taratibu, ya fremu 20 na zaidi, ambayo jicho lililozoea laweza kuyaona yakija; na faida kubwa ya kujizoeza ni kujua lipi laonekana na lipi halionekani, ili macho yasichoshwe kwa kulingoja lisiloonekana. Hapo ndipo mchezaji hupata nafasi ya kumtazama mtu badala ya kutazama kioo. Mtoto yule wa darasa la tano, nilikuja kumgundua, alipiga mtama kila alipomwangusha mtu na kumngoja ainuke. Kila mara, bila kukosa, kama mwadhini na alfajiri. Niliingia na kutoka kibandani wiki mbili kabla sijaling'amua jambo hilo, kwa sababu kila nilipokuwa chini nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu.

Juu ya kukisia kwa sababu, hapana kisa mashuhuri kuliko kile cha mwaka 2004 huko Pomona, California, katika mashindano ya Evo, ambayo ndiyo Makka ya watu wa gemu hizi. Mjapani Daigo Umehara alikuwa akicheza Street Fighter III akimtumia Ken, na mpinzani wake Mmarekani Justin Wong akimtumia Chun-Li. Uhai wa Ken ulikuwa umebaki kama uzi, kiasi kwamba hata kujikinga kwa kawaida kusingalimfaa, kwa kuwa katika gemu hiyo mapigo ya nguvu humdonoa hata aliyejikinga. Wong akalifungulia pigo lake kuu, mateke 15 mfululizo. Gemu ile ina namna nyingine ya kinga, ya kusogeza mkono mbele kuelekea pigo, si nyuma, katika lahadha ileile linapogusa. Ukichelewa au ukiwahi umekwisha. Daigo aliyapangua yote 15, moja baada ya moja, ukumbi umesimama ukipiga kelele, kisha akamrudishia mwenziwe pigo na kushinda duru ile. Wajuzi husema kwamba teke la kwanza halikuweza kukingwa na mtu aliyengoja kuliona: ilimbidi awe amekwisha kusogeza mkono. Alimjua Wong ana haja ya kulipiga, akajua lini. Nimeitazama picha hiyo katika simu ya mjukuu wangu mara nyingi mno kwa mtu wa umri wangu.

Lakini yeye anayeanza hahitaji Pomona. Anahitaji kujua deni. Kila pigo zito likikingwa humwacha aliyelipiga katika hali ya uwazi kwa fremu kadhaa, mkono wake ukiwa bado unarudi, naye hawezi kujikinga wala kupiga; hilo ni deni, na aliyejikinga ana haki ya kulidai palepale kwa pigo lolote lililo jepesi kuliko uwazi ule. Mfano mzuri ni Paul Phoenix, Mmarekani mwenye nywele zilizosimama wima kama ufagio, ambaye ngumi yake kubwa huteketeza theluthi ya uhai wa mtu kwa mkupuo mmoja, na kwa sababu hiyo kila anayeanza humpenda. Ngumi hiyo ikikingwa, Paul hubaki amenyoosha mkono mbele ya mwenye duka, hana pesa. Watu wengi huipiga vivyo hivyo, duru baada ya duru, kwa kuwa pale kibandani hapana adaiye. Siku mtu mmoja akianza kudai, kibanda kizima hubadilika tabia kwa mwezi mmoja. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na lilinikumbusha siku chama cha msingi kilipopata mwandishi mwaminifu wa mizani wakati wa korosho.

Wako pia wapiga-ovyo, na haifai kuwadharau. Katika Tekken 5 wao humchagua Christie Monteiro, msichana wa Kibrazili apiganaye kwa kapoeira, sanaa iliyozaliwa miongoni mwa Waafrika waliotumikishwa utumwani huko Brazili. Kabla yake alikuwako Eddy Gordo, aliyeingia katika Tekken 3 mwaka 1997 na kuwatia watu ghadhabu katika mabara yote. Ukibofya vitufe viwili vya miguu pasipo mpango wowote, Christie huzunguka, hupinduka, hutembea kwa mikono, na miguu yake hutoka mahali usipopategemea, hata mtu mwenye elimu ya miezi sita akaanguka mbele ya mtu wa dakika sita. Mwanafunzi akishindwa hivyo huona ameonewa. Hakuonewa. Ameonyeshwa kwamba bado anangoja kupiga badala ya kungoja kuona. Kwani mpiga-ovyo hadai deni, hajui kama amekopa, na akikingwa mara mbili kwa utulivu huwa wazi kama mlango wa msikiti. Kwa watu walioanza nasema: msimwepuke Christie, mlipieni mchezo.

Wazee wenzangu huniuliza kama mambo haya hayana fedheha, nami huwarudisha kwenye bao. Bao letu la kete lina mashimo 32 na kete 64, na katika kunamua kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akizitia moja moja. Mgeni wa bao hujulikana kwa jambo moja: huona nyumba yake imejaa, kete zimelala ndani kama mahindi ghalani, na mkono humwasha, nafasi ya kwanza ya kusafiri nayo akaivunja, zikatawanyika upande wake wote, na mwenye kungoja akazila kwa raha. Fundi huilinda nyumba hata mwenziwe achoke. Marehemu rafiki yangu mmoja alikuwa akinitazama usoni kuliko alivyolitazama bao; alisema nikikaribia kusafiri humeza mate. Nilimwona mtoto wa darasa la tano akinitazama vivyo hivyo, kwa pembe ya jicho, si kwenye kioo bali kwenye vidole vyangu, nikajua niko mikononi mwa mtu wa jadi ileile.

Kuhusu mazoezi sina mengi. Chagua mpiganaji mmoja, usimwache kwa miezi mitatu, hata ukishindwa naye siku saba mfululizo. Mapigo matano yanatosha, moja jepesi la kudai deni, moja la kati, moja la chini, mkamato, na kombo moja fupi ambayo waweza kuimaliza huku umeshikwa na woga. Ndani ya gemu yenyewe mna uwanja wa mazoezi ambamo adui husimama kama kinyago cha mpingo akipokea kila kitu. Kibandani hapana aukubaliye, kwa kuwa waliolipa shilingi mia mbili hawataki kumtazama mtu akipiga kinyago, kwa hiyo nenda asubuhi kijana anapofungua, ulipie nusu saa peke yako. Na watoto wa shule wasiwepo saa hizo. Nikiwakuta huwatoa kwa sikio, nao wanalijua.

Anayetaka kwenda mbele zaidi, mpaka mashindanoni, atakutana na kikwazo ambacho si chake. Gemu za sasa huchezwa kwa intaneti baina ya watu walio mbali, na umbali huleta ucheleweshaji: ishara ikichelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, fremu 6 zimepotea, na kwa mchezo ambao ngumi yake ni fremu 10 hizo si chache. Bado wapo waliopita. Mkenya Sylvia Gathoni, aitwaye QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Kimarekani ya XiT Gaming kwa ajili ya Tekken, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika hapo. Na Februari 2019 kijana wa Lahore, Arslan Siddique, ambaye wachezaji wa dunia hawakuwa wakimjua, alikwenda Fukuoka baada ya safari ya mashaka ya viza na ndege, akatwaa Evo ya Japani; Agosti mwaka uleule akatwaa na Evo ya Las Vegas. Walipomuuliza siri yake alisema kwamba kwao Pakistani wako wengine wengi wa kiwango chake. Watu walidhani ni unyenyekevu, mpaka wenziwe walipoanza kusafiri nao. Maneno yale niliyaelewa upesi kwa kuwa nakijua kibanda: pahali ambapo watu kumi na wawili hupigana kila jioni kwa bega na bega, pasipo ucheleweshaji wowote, kila mmoja akijua tabia ya mwenziwe na kulazimika kuibadili yake, hapo elimu hukua kama uyoga, gizani, bila habari kwenda nje.

Mwezi wa Oktoba, korosho zilipoanza kuanguka na fedha kuonekana mikononi mwa watu, nilirudi kwa mtoto yule, ambaye sasa alikuwa amesogea karibu na mtihani wake na anaruhusiwa Jumamosi tu. Aliniangusha duru ya kwanza. Duru ya pili nikamwangusha mimi, sijui kwa bahati ya nani. Duru ya tatu akanilaza chini, akasimama juu yangu akingoja, nami nikajua kinachokuja. Nikainuka nimechuchumaa, na mtama wake ukagonga kinga yangu kwa mlio ule mkavu ambao nilikuwa nimeusubiri tangu Februari. Nilifurahi mno. Nilifurahi kiasi cha kugeuka kumtazama mwenye kibanda, nione kama ameona, na nilipogeuza uso wangu tena nilikuwa chali.

"Hapo ulitakiwa unipige, babu," akasema mtoto. "Nilikuwa wazi."

Nikatia mkono mfukoni kutafuta sarafu nyingine ya mia mbili.